Kidole Changu Mbele ya Dirisha la Benki

Bwana asifiwe, kanisa la Butembo! Na asifiwe tena kwa ajili ya ndugu zetu wa Bungulu, waliofika asubuhi hii na vumbi la njia bado likiwa kwenye nguo zao!

Ndugu zangu, nimemwomba Mchungaji dakika hizi kwa sababu ushuhuda wangu umeanza kusimuliwa na watu wengine, nao wanausimulia vibaya. Sokoni nimesikia kwamba mkono wangu ulipona palepale benki, mbele ya kashia, na kashia akaokoka. Si kweli. Mkono wangu haujapona. Huu hapa, utazameni. Na kashia yule aliokoka zamani, anaimba katika kwaya ya kanisa lingine. Wengine wanasema fedha za Kazi ya Huruma zililiwa. Hakuna hata faranga moja iliyoliwa, na vitabu viko wazi ofisini kila Jumanne kwa yeyote anayetaka kuvisoma. Wengine tena, na hao ndio wanaoniudhi kuliko wote, wanasema nililogwa na mama mmoja wa Bungulu. Mama huyo ameketi pale, benchi la tatu, kitambaa cha kijani. Leo mtasikia alichonifanyia, nanyi mtaona haya.

Basi naanza mwanzo, kama inavyopasa.

Mimi ni Paluku, mtumishi wa serikali mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi katika ofisi ya hali ya raia, mahali wanapoandikishwa watoto waliozaliwa, ndoa na vifo. Wengi wenu mlio hapa, karatasi yenu ya kuzaliwa ina sahihi yangu. Mnaikumbuka: P kubwa yenye vitanzi vitatu, mstari unaorudi nyuma hadi mwanzo, na nukta mbili chini yake. Niliitunga sahihi hiyo nikiwa kijana ili asiwepo mtu wa kuiiga, na kweli hakuwepo. Wakubwa wangu walibadilika, serikali zilibadilika, jeshi moja liliingia na jingine likatoka, lakini sahihi ya Paluku ilibaki ileile. Nilijivunia jambo hilo. Nalisema bila kulipunguza: nilijivunia.

Nilipostaafu, kanisa liliniomba nisimamie fedha za Kazi ya Huruma, ile inayowasaidia wajane na waliokimbia vita. Ndugu zangu, mngejua nilichokikuta! Nilikuta kitabu cha sheki ambacho kila ukurasa ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi mapema na mzee mmoja aliyekuwa akienda Alimbongo kulima viazi. Sheki tupu! Bila kiasi, bila jina la mpokeaji, bila tarehe, na sahihi ya mtu wa Mungu chini yake! Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba njia ni mbaya, mzee hawezi kurudi kila wiki, na sisi sote ni wapendwa. Wapendwa! Hivi mtu huacha mlango wa nyumba wazi usiku kwa kuwa jirani zake wanasali?

Nilisimama nikapinga, na sitaomba msamaha kwa hilo. Niliweka utaratibu. Kila sheki ipate sahihi mbili. Barua ya benki ya kila mwezi ilinganishwe na kitabu chetu, mstari kwa mstari, na mtu asiyeshika fedha. Anayenunua asiwe yule anayelipa. Anayepokea msaada aonekane katika orodha, na orodha ifungiwe kabatini. Mambo hayo yote ni mema, yanaendelea hadi leo, na atakayeyagusa atanikuta mlangoni.

Lakini niliongeza jambo moja ambalo hakuna aliyeniomba. Niliandika katika barua yetu kwa benki kwamba kati ya sahihi mbili, moja lazima iwe ya Paluku. Watia sahihi tulikuwa watatu: Mchungaji, mweka hazina wetu Mama Katungu, na mimi. Mchungaji na Mama Katungu wakitia sahihi pamoja, benki haitoi kitu. Mimi na mmoja wao, fedha inatoka. Nikaita jambo hilo udhibiti. Mama Katungu aliniuliza siku ileile, mbele ya kamati:

"Papa Paluku, na siku utagonjwa?"

"Sijawahi kukosa kazi kwa ugonjwa," nilimjibu, "tangu nilipoajiriwa."

Akarudi kwenye hesabu zake. Niliona nimeshinda.

Na kuna jambo la pili, ambalo ni baya zaidi. Katika Bungulu, kule Beni, kuna akina mama thelathini na wanne waliokimbia kutoka Eringeti. Walikuwa na mashamba yao kule, na kakao yao, na nyumba zao. Sasa wanalala katika vyumba vya kupewa na kulima vipande vya ardhi ambavyo ndugu wa kanisa la Beni wamewaazima. Tulipowagawia majembe, orodha yao ilinifikia hapa Butembo ikiwa na vidole thelathini na vitatu vya wino, na sahihi moja tu. Niliirudisha. Niliandika juu yake kwa kalamu nyekundu: Kidole si sahihi. Nikaagiza kwamba kando ya kila kidole wasimame mashahidi wawili wanaojua kuandika. Mashahidi sitini na sita, ndugu zangu, kwa majembe!

Kiongozi wa akina mama hao alinipigia simu. Ndiye Mama Kavira, yule wa kitambaa cha kijani. Alisema:

"Papa, kidole yangu ni Mungu alinipatia. Biki ya kuandika nilipatiwa na nani?"

Nilisikia wenzake wakicheka nyuma yake. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba serikali haiendeshwi kwa mizaha, nikakata simu. Kwa miaka thelathini na mmoja niliwashika watu kifundo cha mkono, nikawabonyezea kidole chao katika wino kisha katika karatasi, bila kuwatazama usoni. Kwangu mtu wa kidole alikuwa mtu nusu. Nalikiri leo mbele zenu, na mbele za Mungu aliyekuwa ananiona.

Basi sikieni jinsi Bwana alivyonishika!

Miezi michache baadaye, asubuhi moja, nilisimama kuvaa shati nikashindwa kufunga kifungo. Mkono wa kuume ulikuwa mzito kama si wangu. Mdomo ulikwenda upande. Mke wangu, Mama Kahindo, aliita majirani, wakanipeleka hospitali, nikalala siku tisa. Mlinitembelea, mliniletea uji na matunda, Bwana awabariki. Nilirudi nyumbani nikitembea. Mdomo ulirudi mahali pake. Jumapili ile mlipiga vigelegele, nami nilisimama hapahapa nikasema Bwana ameniponya kabisa.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Mkono ulikuwa haujarudi. Ulikuwa unatetemeka, na vidole havikuweza kuendesha kalamu. Niliuficha. Niliweka mkono mfukoni kama kijana mwenye majivuno. Niliwasalimia kwa kuinamisha kichwa. Mama Kahindo alinifunga vifungo kila asubuhi bila kusema neno, na ndani ya ukimya ule nilijua anaelewa kila kitu.

Kisha ikaja sadaka ya mbegu. Mnakumbuka jinsi mlivyotoa! Makanisa yote ya Butembo na Beni yalitoa ili akina mama wa Bungulu wapande maharagwe msimu ule. Fedha iliingia benki, nami niliilinganisha na stakabadhi zote, ikawa sawasawa. Mbegu zilikuwa tayari Beni, katika ghala la Hadji Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu na msafirishaji, mtu ambaye kilo yake haijawahi kupungua. Alikuwa ameziweka kando kwa ajili yetu kwa neno la mdomo tu. Kilichobaki kilikuwa sheki moja. Mama Katungu aliandika kiasi, akatia sahihi yake, akaniletea.

Niliichukua nyumbani. Nilifunga mlango wa chumba. Nikatia sahihi.

Siku iliyofuata nilikuwa mbele ya dirisha la benki. Kashia, kijana mwenye adabu, alitazama sheki, akatazama karatasi ya mfano wa sahihi zetu, akatazama sheki tena. Akasema kwa sauti ya chini:

"Papa, hii signature haifanane na yenye iko hapa."

"Ni yangu. Mimi ndiye niliyesimama mbele yako."

"Nakuona, Papa. Mais, lakini mashini hapana kuona weye. Iko naona karatasi."

Ndugu zangu, ni mimi niliyewafundisha vijana wa mji huu kujibu hivyo! Maneno yaleyale niliyowaambia watu kwa miaka thelathini na mmoja yalinirudia kupitia tundu la kioo! Nilichukua sheki nikaondoka. Nilimwambia Mama Katungu imeharibika, akaniandikia ya pili, nayo ikakataliwa. Ya tatu nilijaribu kuichora polepole, kama mtoto anayechora nyumba, ikakataliwa nayo. Kila moja niliiandika BATILI kwa mkono wa kushoto na kuihifadhi, maana hata katika dhambi sikuacha kutunza karatasi. Kila asubuhi nilijaza kurasa za daftari na vitanzi vitatu, vitanzi vitatu, vitanzi vitatu. Niliomba kwa machozi: Bwana, nirudishie sahihi yangu! Mnaona? Sikumwambia nirudishie mkono wa kumshikia mke wangu kikombe, wala mkono wa kuwasalimia ninyi. Niliomba sahihi.

Kamati ilipouliza kwa nini fedha haijatoka, nilikuwa na njia ya kusema kweli. Ilikuwa sentensi moja tu: mkono wangu hauwezi. Badala yake nilisema hivi, nami nanukuu kutoka katika kumbukumbu ya kikao, ambayo iko kabatini:

"Orodha ya Bungulu ina kasoro. Ina vidole vitupu. Fedha haitatoka mpaka kila mpokeaji aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe."

Mimi! Mimi niliyekuwa siwezi kuandika langu!

Na kamati ilinyenyekea. Waliniogopa. Mchungaji alisema labda Paluku ameona jambo tusiloliona. Hapo ndipo fununu zilipoanza, kwamba Bungulu kuna majina ya uongo, kwamba akina mama wale wanauza misaada. Sikuzianzisha kwa kinywa changu, lakini nilizisikia na sikuzizima. Mwenye kuweka rekodi sawa aliacha uongo uingie katika rekodi kwa sababu ulimfunika.

Mvua ilianza. Hadji Ramazani alinipigia simu.

"Papa Paluku, bateja banakuya kila siku banaona ile magunia. Nabaambia, hapana, ni ya kanisa. Mais maharagi haisomake PV ya kikao, Papa. Mvua nayo haisomake. Ijumaa nikiona feza hapana, nitauzisha."

"Utaratibu lazima ufuatwe, Hadji."

"Fuata, Papa, fuata. Mais ile utaratibu ikifika shambani, wambie ikuye na jembe."

Sikulala siku hizo. Nilijua hesabu yake vizuri kuliko mtu yeyote. Majirani wa Bungulu walikuwa wamekwisha kupanda. Msimu ukipita, akina mama thelathini na wanne na watoto wao wangekaa miezi bila chakula cha kwao wenyewe, na fedha yao ingekuwa imelala benki, kamili, salama, imelindwa na mimi.

Alhamisi ilikuwa siku moja kabla ya ile aliyoitaja Hadji. Tulikuwa ofisini, Mchungaji, Mama Katungu na mimi, mkono wangu chini ya meza. Gari kubwa lilisimama nje. Lilikuwa lori la Hadji Ramazani, likielekea Alimbongo kuchukua viazi, naye mwenyewe alikuwa mbele pamoja na dereva. Juu ya turubai walikuwa wamekaa wanawake wawili. Ninyi mnajua njia ya kutoka Beni, na watu wanaoviziwa humo. Mnajua mtu huagana vipi na watoto wake kabla ya kuipanda. Mama Kavira aliteremka, akajipangusa vumbi, akaingia, akatoa kutoka kifuani karatasi iliyofungwa katika mfuko wa plastiki. Akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Papa, ulisema kidole yetu haina maana. Donc, basi, tuliandika."

Nilifungua. Ndugu zangu, sikilizeni! Yalikuwa majina thelathini na manne. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala, zimevunjika, nyingine zimetazama nyuma. K moja ilikuwa na mguu mrefu uliovuka mstari na kuingia katika jina la jirani yake. Katika majina yote hayo wino ulikuwa umetetemeka, umetoboa karatasi, umesimama, umeendelea. Mama Kavira alieleza kwamba mmoja wao, yule aliyejua kusoma, alikuwa amewaandikia majina yao ukutani kwa makaa, na kila jioni baada ya kutoka vibaruani walisimama mbele ya ukuta wakifuata kwa kidole, kisha kwa makaa, kisha kwa kalamu. Majuma mawili.

"Kavugho njo alilia sana," alisema. "Iko na miaka sabini. Alisema, naandika jina yangu sababu ya maharagi! Tulimucheka mpaka akamaliza."

Mwenzake aliongeza, "Na mwenye nyumba anatudai kupaka ukuta."

Mchungaji alicheka. Mama Katungu alicheka. Kisha Mama Kavira akanisogezea karatasi.

"Sasa tumemaliza yetu, Papa. Weka yako, Hadji iko nangoja."

Akatoa kalamu. Ilikuwa ileile waliyoitumia, imefungwa uzi ili isipotee kati yao. Akaninyooshea.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Naomba jambo hilo liandikwe hivyo. Niliona tu karatasi ile, na mistari ile inayotetemeka, nikaitambua. Nilikuwa na daftari zima la mistari kama hiyo, limefichwa chini ya godoro langu. Wao waliileta mchana, juu ya lori, kupitia njia ile. Mimi yangu niliilalia.

Nilitoa mkono chini ya meza. Niliuweka juu ya orodha, mbele yao wote, ukaanza kutetemeka na kugonga ubao, na ofisi nzima ikasikia. Nikasema:

"Mama Kavira, orodha yako haikuwa na kasoro. Mimi ndiye siwezi kuandika."

Nikawaambia yote. Sheki tatu. Daftari. Kumbukumbu ya kikao. Nililia, ndugu zangu, mbele ya wanawake, mimi ambaye sikulia hata nilipokabidhi funguo za ofisi.

Mama Katungu ndiye aliyesema kwanza, na hakunihurumia, namshukuru Mungu hakunihurumia:

"Majuma mbili, Papa Paluku! Majuma mbili tunafikiri umetuona sisi bezi ya feza!"

"Ni kweli," nilisema. "Niandikie barua ya onyo. Nitaipokea."

Lakini Mama Kavira alizunguka meza. Aliushika mkono huu, akaukandamiza kati ya mikono yake miwili, yenye sugu za jembe, mpaka ukatulia kidogo. Akanitazama usoni. Nikakumbuka nyuso zote ambazo sikuwahi kuzitazama.

"Papa," alisema, "si uko nayo kidole?"

Haleluya! Semeni haleluya!

Tulikwenda benki sote. Tulikuwa msafara: Mchungaji, mweka hazina, mstaafu, wanawake wawili wenye vumbi, na Hadji nyuma akilalamika kwamba viazi vyake vitaota. Nilimwambia kashia kwamba mimi Paluku sina tena uwezo wa kutia sahihi, na naomba kuweka kidole mahali pa mfano wangu. Sentensi ile moja. Haikuniua. Alikwenda kwa mkuu wa tawi, akarudi na fomu.

"Inaomba bashahidi babili, Papa. Benye banajua kuandika na benye karte ya électeur, ile ya kupigia kura."

Mchungaji akasogea. Nikamzuia. "Mchungaji ni mtia sahihi wa akaunti hii. Hawezi kuwa shahidi. Mama Katungu vilevile."

Kashia akatabasamu. "Papa anajua kazi."

"Basi Hadji," alisema Mchungaji.

"Mimi Mwislamu niwe shahidi ya kanisa?" Hadji aliuliza kwa sauti kubwa, mpaka foleni nzima ikageuka. "Imamu atanisikia leo! Lete biki."

Nilitaka kupinga tena, kwa kuwa Hadji ndiye muuzaji wa mbegu, na muuzaji hapaswi kugusa karatasi za mlipaji. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Kashia alieleza kwamba anashuhudia kidole tu, si malipo; na Mchungaji, mtumishi wa Mungu, alinikanyaga mguu.

Shahidi wa pili alihitajika. Nikasema, "Mama Kavira anajua kuandika."

Kashia alimpa fomu kupitia tundu. Mama Kavira alivua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, kama mtu anayeitwa mbele ya kanisa. Aliegemea ubao wa dirisha. Aliandika polepole sana. Watu nyuma yetu walianza kuguna, na mmoja alisema hii ni benki au ni shule. Hadji aligeuka akamwambia, "Nyamaza, weye! Unaona intelektuele anafanya kazi!" Na Mama Kavira hakuinua kichwa mpaka alipofika herufi ya mwisho. Mfumo wote wa sahihi mbili, barua za benki na funguo za kabati ulisimama ukimngoja mwanamke wa Eringeti amalize A.

Kisha ikawa zamu yangu. Kashia alitoka nje ya kizuizi, akanishika kifundo cha mkono, akabonyeza kidole changu katika wino, kisha katika karatasi. Alinitazama usoni alipofanya hivyo. Mungu ambariki kijana yule. Nilipotazama chini niliona alama ndogo nyeusi, ya mviringo, yenye mistari mingi myembamba. Ilikuwa na vitanzi vingi kuliko nilivyowahi kuvitunga. Na hakuna mtu duniani awezaye kuiiga.

Tulingoja mpaka karibu saa ya kufunga ndipo mkuu wa tawi akaikubali. Kidole changu cha kwanza kilitoa fedha ya mbegu. Kidole cha pili, na hili ndilo nataka kamati za makanisa mengine zilisikie vizuri, kilikuwa juu ya barua mpya: sahihi mbili kati ya tatu, yoyote pamoja na yoyote, na hakuna mtu hata mmoja ambaye bila yeye kazi ya Mungu inasimama. Huo ndio udhibiti. Nilichokuwa nacho zamani kilikuwa kufuli lenye ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mgonjwa mwenye kiburi. Lakini asije mtu akatumia ushuhuda wangu kurudisha sheki tupu! Nimevunjwa mimi, utaratibu haukuvunjwa!

Hadji alipiga simu Beni papo hapo, magunia yakafunguliwa Ijumaa asubuhi. Jumatatu maharagwe yote yalikuwa ardhini. Mvua ilikuwa imechelewa kukolea mwaka ule, ikakolea baada ya wao kupanda. Nani aliyeizuia? Mimi naijua idara hiyo, nami siwezi kuiandikia barua isipokuwa ya shukrani.

Niliandika pia, kwa mkono wa kushoto, marekebisho ya kumbukumbu ile ya kikao, nikasema orodha ya Bungulu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Yamesomwa katika makanisa yote mawili. Mwenye kuendelea kuwasema vibaya akina mama hawa anasema kinyume cha karatasi iliyopo, nami nitamtaka aje aione.

Wakati wa mavuno nilikwenda Bungulu. Ndiyo, kwa njia ileile. Waliingiza maharagwe kanisani katika mabeseni, wakicheza, na Bibi Kavugho wa miaka sabini alikuwa mbele. Walitoa sehemu ya mavuno kwa ajili ya familia nyingine zilizofika karibuni kutoka Eringeti. Orodha ilitandazwa juu ya meza. Kila mama aliandika jina lake, naye Kavugho aliliandika mara mbili, akasema mara ya pili ni ya kujifurahisha. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya aliyehakiki. Mama Kavira aliniletea wino.

"Polepole, Papa. Usisukume sana, itaharibu karatasi."

"Wasingya," nilimwambia. Asante.

Nikabonyeza. Katikati ya majina thelathini na manne yaliyoandikwa, kidole kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa changu. Sijawahi kutia alama juu ya karatasi kwa furaha kama ile, ndugu zangu, sijawahi, katika miaka yote!

Kwa hiyo namshukuru Mungu aliyenikomboa. Mkono wangu hakuuponya bado. Ameanza na mengine yaliyokuwa yameharibika zaidi. Namshukuru mke wangu, ambaye bado ananifunga vifungo, na sasa tunazungumza anapovifunga.

Na wewe uliyeketi hapa leo, umeficha kitu chini ya meza. Sijui ni mkono, au deni, au mtoto, au karatasi. Unawachelewesha watu wanaokungoja, na umekipa kisingizio chenye jina zuri. Usingoje kesho. Kitoe, kiweke juu, kitetemeke mbele ya wote wasikie. Mwamini Bwana kwa ajili ya sentensi ile moja. Mimi nilidhani wataniandikia barua ya kunifukuza, na mwanamke niliyemdharau alinishika mkono.

Baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Njooni mnisalimie. Natoa mkono wa kuume. Amina!